Kabla ya Kulipia Hoteli ya Kuona Watoto wa Kasa, Watamu au Shela

Uliza habari za taa kabla ya bei ya chumba. Mtoto wa kasa akichomoza mchangani usiku hufuata upande wenye mwanga, na ufuoni pasipo na taa upande huo ni bahari. Taa moja nyeupe ya baa yaweza kuwageuza watoto wa kiota kizima waelekee bustanini, wakaliwa na kaa na mbwa, au jua la asubuhi likawakausha. Hoteli inayolinda kasa kwa dhati huzima taa zinazotazama bahari, au huziinamisha na kuzifunika, na jioni huondoa vitanda vya ufuoni visimzuie mama anayepanda kutaga.

Kisha uliza watoto wakitoka hufanywa nini. Ukiambiwa huwekwa ndooni hadi wageni wamalize kula, tafuta kwingine. Mtoto hutoka na akiba ya kiini cha yai, na nguvu hiyo ndiyo ya kumvusha mwambani hadi maji makuu. Akipapatika ndooni kwa saa kadhaa, anaingia baharini amechoka na samaki wanamngoja. Wala usikubali kupewa mmoja umbebe hadi majini; atambae mwenyewe.

Kasa huweza kutaga mwaka mzima pwani yetu ya Kenya, lakini wengi ni kati ya Machi na Julai. Mayai, mara nyingi mia moja na zaidi kwa kiota cha kasa uziwa, huanguliwa baada ya siku kama 50 hadi 60. Kwa hiyo lenga mwisho wa Mei hadi Septemba, wakati wa kusi: bahari imechafuka na hoteli kadhaa zimefunga, ila zilizo wazi hushusha bei. Walinzi wa viota huandika tarehe ya kutaga. Waulize, hesabu siku 50, ukae usiku tatu au nne, kwani usiku wenyewe haujulikani. Mchanga ukianza kubonyea juu ya kiota, wako karibu.

Kama una siku moja tu, omba kuona kiota kikifukuliwa baada ya watoto kutoka. Walinzi huhesabu maganda na kuwaokoa waliokwama chini, tena mchana, kwa saa inayojulikana. Watamu, uliza shirika la Local Ocean Conservation, lililo kazini tangu 1997. Shela, uliza Lamu Marine Conservation Trust.

Kiotani, simama upande wa nchi kavu, mita kadhaa nyuma, simu mfukoni. Usiguse yai hata ukiona maji ya bamvua yanakaribia: saa chache baada ya kutagwa, kiinitete, yaani mtoto anayeumbika ndani, hushikamana na ganda, na yai likigeuzwa hufa. Mwite mlinzi. Na watoto wako wakichimba mashimo ufuoni, yafukieni kabla ya magharibi. Mtoto wa kasa akitumbukia humo hatoki.