Kutoka Olot hadi Girona kwa Baiskeli

SWALI: Mhariri, nitakapokuwa Catalonia, Hispania, nataka kupita na baiskeli kwenye njia ya reli ya zamani ya Olot na Girona. Nianzie mji upi, na je, tairi nyembamba zitafaa?

JIBU: Anzia Olot, ndugu msomaji, kwani baada ya kupanda hadi Coll d'en Bas utateremka taratibu mpaka Girona, kwa kuwa treni ndogo iliyokoma mwaka 1969 haikumudu miinuko mikali. Kwenye udongo na changarawe, tairi za milimita 40 ni afadhali. Lakini usiondoke Olot kabla ya kuiona volkano ya Croscat, ambayo wachimbaji wa kokoto waliukata ubavu wake kama mkate, yakabaki wazi matabaka meusi na mekundu.