Jibu: Je, duka la vitabu linastahili kutengewa siku ya safari?
Ndugu, umeuliza kama ni busara msafiri kutenga siku nzima kwa ajili ya duka la vitabu, ilhali vitabu vyenyewe vinaweza kuagizwa kwa intaneti. Kwa maoni yangu inafaa, kwa sababu katika maduka ya aina hii jengo lenyewe huvutia kama vitabu vilivyomo. El Ateneo Grand Splendid la Buenos Aires, nchini Argentina, lilifunguliwa mwaka 1919 likiwa ukumbi wa maonyesho, na tangu lilipogeuzwa duka la vitabu mwaka 2000 limehifadhi roshani zake, dari lililochorwa na pazia jekundu la jukwaani, ambako sasa wateja huketi kunywa kahawa huku wakifunua kurasa. Libreria Acqua Alta ya Venice, nchini Italia, ina mvuto wa namna nyingine kabisa: kwa kuwa mji huo hufurika bahari inapojaa, vitabu vimewekwa ndani ya mabafu na hata ndani ya gondola (mashua nyembamba ya mji huo), na vile vilivyoharibika vimepangwa vikawa ngazi ya kupandia. Kule Maastricht, Uholanzi, rafu zimesimamishwa ndani ya kanisa la watawa Wadominiko la karne ya 13. Livraria Lello ya Porto, nchini Ureno, iliyofunguliwa mwaka 1906, hutoza kiingilio, ingawa kiasi hicho hupunguzwa kwenye bei ya kitabu utakachonunua. Msongamano wake ni mkubwa, hivyo ni vyema ufike asubuhi mapema.