Intakomu ya Getini: Yanayofaa Kuamuliwa Kabla ya Kuchimba Mtaro

Nyumba nyingi zinazojengwa sasa Dar es Salaam, kuanzia Mbezi hadi Kigamboni, zimezungushiwa ukuta mrefu na geti zito la bati, na mgeni anaweza kuligonga kwa sarafu mpaka achoke bila mtu aliye jikoni kumsikia. Ndiyo maana jirani zangu huniuliza mara kwa mara kuhusu intakomu tuliyofunga nyumbani, yaani kifaa cha kumwona na kuongea na mgeni aliye getini na kumfungulia ukiwa ndani, na karibu wote huanza na skrini: ni ya inchi ngapi, inaonyesha usiku, inaunganishwa na simu? Huwajibu kwamba skrini inaweza kubadilishwa mwakani bila kubomoa chochote, ilhali waya uliofukiwa chini ya pevingi na namna kitasa kilivyounganishwa ni mambo watakayokaa nayo miaka mingi.

Nianze na kitasa. Kifaa cha nje, chenye kamera, spika na vitufe vya namba, aghalabu huja na rilei ndani yake, ambayo ni swichi ndogo inayoruhusu umeme kufika kwenye kitasa. Fundi mwenye haraka hupitisha waya za kitasa humo humo, kwa kuwa mchoro uliomo kwenye boksi unaonyesha hivyo na waya unaotumika ni mfupi. Tatizo ni kwamba kifaa hicho kimekaa upande wa barabara. Mwizi mwenye bisibisi akikibandua ukutani atazikuta waya mbili za kitasa mkononi mwake, na akizigusanisha mlango utafunguka, hata kama namba yako ya siri ina tarakimu kumi. Kwa hiyo rilei inayofungua kitasa ikae ndani ya nyumba. Skrini nyingi za ndani zina rilei yake, na baadhi ya watengenezaji huuza moduli ndogo ya kazi hiyo. Kifaa cha nje hutuma amri tu kupitia kebo, na anayekibandua haambulii chochote isipokuwa kifaa chenyewe. Fundi wetu alilalamika kwamba kazi inaongezeka, jambo ambalo ni kweli, na nililipa nyongeza hiyo bila kinyongo.

Aina ya kitasa nayo inataka uamuzi. Kitasa cha sumaku hushika muda wote umeme unapokuwapo na huachia unapokatika, tabia inayofaa kwenye mlango wa ofisi ambamo watu wanapaswa kutoka haraka moto ukizuka. Kwenye geti la nyumba, kila umeme unapokatika na betri ikaisha, mlango unabaki wazi. Isitoshe, sumaku hushika vizuri pale tu bamba lake linapolala sawasawa juu yake, na geti la bati hulegea bawaba na kuinama kadiri miaka inavyopita. Mimi nilichagua kitasa cha umeme cha kuchomelea getini, ambacho hubaki kimefungwa umeme usipokuwapo, hufunguka kinapopata umeme kwa sekunde moja hivi, na bado kina tundu la ufunguo wa kawaida kwa nje.

Kitasa cha namna hiyo, hata hivyo, kinapenda umeme wa nguvu, na hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Kutoka getini hadi sebuleni inaweza kuwa mita 40, maana yake umeme unasafiri mita 80 kwenda na kurudi. Ukitumia jozi moja ya kebo ya mtandao, ambayo nyuzi zake ni nyembamba, kitasa kilichoundwa kuvuta ampea 1 kwa volti 12 kitapata volti 8 hivi tu, kitanguruma kidogo, na mlango hautafunguka. Waya wa milimita za mraba 1.5 katika umbali huohuo utakifikishia volti 11 na ushee. Kebo ya mtandao ibebe picha na sauti. Kitasa kipewe waya wake mnene. Vyote vipite kwenye bomba la plastiki lisilo na waya wa volti 230, kwa ajili ya usalama na pia kuepuka mlio wa kuunguruma ndani ya spika. Acha kamba ndani ya bomba hilo, maana ipo siku utataka kuvuta waya mwingine.

Kwa kuwa umeme hukatika, mfumo uwe na chaja na betri ya volti 12. Betri ya ampea-saa 7 ikilisha kifaa cha nje na skrini vinavyovuta pamoja nusu ampea hudumu saa 14 kwa hesabu ya karatasi, na pungufu ya hapo betri inapozeeka.

Kamera ikae kimo cha mita moja na nusu hivi, na isielekee magharibi, vinginevyo jioni kila mgeni ataonekana kivuli kitupu. Karibu na bahari chumvi hula maungio ya waya, kwa hiyo yafungwe kwa viungio vyenye jeli, na tundu la nyuma lizibwe kwa silikoni, kwani sisimizi hupenda sana joto la vifaa hivi.

Namba za siri zisiwe moja kwa watu wote. Mlinzi awe na yake, dada wa kazi yake, ili mmoja akiacha kazi ifutwe ya kwake peke yake. Zibadilishwe pia kila baada ya muda, kwa sababu vitufe vinavyobonyezwa kila siku huchakaa: namba ikiwa ya tarakimu nne na vitufe vyake vinne vikishafifia, mpita njia ana mipangilio 24 tu ya kujaribu badala ya 10,000.

Kabla ya kumlipa fundi salio lake, zima swichi kuu ya nyumba, kisha jaribu kufungua geti kwa namba, kwa skrini na kwa ufunguo. Halafu mwombe mchoro wa waya alizopitisha pamoja na namba kuu ya kuprogramu, na uibadilishe namba hiyo yeye akiwapo.