Ukitaka kampuni ya data za utafiti, usianze na programu

Vijana wanaomaliza kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) huniuliza swali lilelile: tuanze kuandika mfumo gani? Jina la kampuni wanalo, nembo wanayo, BRELA, kwa wasajili wa kampuni, wameshapita. Jibu langu huwaudhi. Mfumo usubiri. Tafuta mtafiti ambaye data zake zimevurugika, umsafishie, umtunzie, na umwandikie kila ulichogusa. Kampuni yetu ndogo hapa Dodoma imekula kwa kazi hiyo, na mfumo tunaoutumia leo ulitokana nayo.

Kazi ipo. Makutupora wanatafiti zabibu, Hombolo mtama na uwele, na Mpwapwa utafiti wa mifugo una mizizi ya enzi za Wajerumani. Ongeza wanafunzi wa uzamili na miradi ya afya na lishe inayozunguka vijijini. Wote hao wana majedwali ya Excel, na kila jedwali lina vituko vyake.

Chukua saa. Mdadisi mmoja huko Bahi anaandika 2:30, akimaanisha saa mbili na nusu asubuhi kama mtu yeyote wa kwao. Mwenzake anaandika 8:30 kwa wakati huohuo. Ukizichanganya, grafu itakuonyesha wafugaji wanaokamua ng'ombe usiku wa manane. Kishikwambi hakikuokoi, maana nacho kitapokea 2:30 bila kuuliza, isipokuwa dodoso limtake mdadisi achague asubuhi, mchana au usiku.

Mavuno ndiyo balaa zaidi. "Magunia 6" ni ya kilo mia au ni lumbesa? Debe ni kipimo cha ujazo, lita 20, kwa hiyo debe la mtama na debe la alizeti haviwezi kuwa na uzito mmoja. Nimeona jedwali ambalo mazao yote yalizidishwa kwa namba moja ili "yawe kilo". Kila zao humo lilikuwa na uongo wake, na madebe ya awali yalishafutwa. Ndiyo maana kwetu alichoandika mdadisi hakiguswi. Tafsiri yetu inakaa safu ya pembeni, pamoja na jina la aliyetafsiri na tarehe.

Kwenye mvua, kisanduku kitupu kinaweza kumaanisha haikunyesha, au msomaji wa kipima mvua alikwenda msibani. Mkoa wenye msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi, hauwezi kubeba utata huo: siku moja ya mvua kubwa isiyoandikwa inageuza hesabu ya mwaka. Sifuri iandikwe sifuri, na kukosekana kuwe na alama yake.

Msipoteze nguvu kupiga vita Excel. Ndiyo, Oktoba 2020 huko Uingereza majibu karibu 16,000 ya waliopimwa na kukutwa na korona yaliachwa nje ya hesabu za kila siku, kwa sababu faili la muundo wa zamani lina mwisho wa mistari 65,536. Mwaka huohuo kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadilisha baadhi yake: SEPT1 ikawa SEPTIN1, kwa kuwa Excel iling'ang'ania kuigeuza tarehe ya Septemba. Kama wanajenetiki wa dunia nzima wameona afadhali wabadili majina ya jeni, wewe wa Dodoma utambadilisha mteja kwa semina ya siku moja? Pokea Excel, rudisha Excel, katikati fanya mambo yako kwenye kanzidata.

Historia ninayopenda kuwasimulia vijana hawa ni ya HDF. Muundo huo wa faili ulianza mwaka 1987 katika kituo cha kompyuta kubwa cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Wanasayansi walikuwa wanashindwa kuhamisha data kutoka mashine moja kwenda nyingine. NASA wakauchukua kwa satelaiti zao za kuangalia dunia, na HDF5 ikatoka 1998. Mwaka 2006 timu ilijitenga na chuo ikawa shirika lake, The HDF Group, lisilogawana faida. Aliyewahi kupakua picha za MODIS, kihisi kilichomo kwenye satelaiti za NASA, kuangalia uoto wa Kongwa ameshashika faili lao, pengine bila kujua. Programu yenyewe ni ya bure. Wanaolipa, wanalipia msaada, ushauri na uhakika kwamba faili la leo litafunguka baada ya miaka mingi. SQLite nayo, programu ya kanzidata iliyoanzishwa na Richard Hipp mwaka 2000, ni mali ya umma kabisa, na watunzaji wake wamesema wanakusudia kuihudumia hadi 2050.

Sisi tumeiga hapo. Kila tunapokabidhi kazi, mteja anapata data zake zote kwa CSV (maandishi ya kawaida yaliyotenganishwa kwa koma) na SQLite, pamoja na maelezo ya kila safu kwa Kiswahili na Kiingereza. Akitaka kuhama kesho, ahame. Wenzangu waliogopa kwamba tunajifukuzia wateja. Kumbe mwanasheria wa taasisi akiona kifungu hicho, mkataba unasainiwa upesi.

Majina na namba za simu za wahojiwa zikae faili tofauti tangu siku ya kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haina mchezo, na mkulima wa Chamwino hakukubali kuhojiwa ili namba yake izunguke kwenye flashi.

Halafu fedha. Ukisubiri data zikusanywe ndipo ubishe hodi, utakuta hela imeishia kwenye mafuta ya gari na posho. Ingia wakati andiko la mradi linaandikwa, omba mstari wa utunzaji wa data kwenye bajeti, na hesabu ndani yake angalau mwaka mmoja baada ya mradi kufungwa. Maswali mengi huja kipindi hicho, mhariri wa jarida anapotaka kujua namba fulani ilitoka wapi. Mtafiti akikuambia bajeti imeshapita, msomee bure andiko linalofuata.