Adapta haibadilishi umeme

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Moshi, mwezi ujao napanda ndege KIA kwenda Marekani kumsaidia dada yangu aliyejifungua. Nabeba simu, laptop na pasi yangu ya nywele, imeandikwa 220-240V. Muuzaji mmoja wa hapa mjini kaniuzia adapta, anasema inabadilisha umeme wa nchi yoyote duniani. Dada naye kaniahidi blenda na draya yake nirudi nazo. Adapta hii itanitosha kwenda na kurudi?

JIBU: Marahaba binti. Kwenda, itakutosha kwa simu na laptop. Kurudi, hapana. Na aliyekuambia inabadilisha umeme amekudanganya.

Ishike hiyo adapta mkononi: nyepesi kama kiberiti. Ndani hamna zaidi ya vipande vya chuma vinavyounganisha matundu ya upande mmoja na pini za upande wa pili. Volti zinazoingia ndizo zinazotoka. Umeme wetu ni volti 230, wa Marekani ni 120. Kuugeuza huu kuwa ule ni kazi ya transfoma, na transfoma ukiibeba mkono wenyewe utakuambia.

Simu na laptop zinapona kwa sababu ya chaja zake. Soma maandishi madogo kwenye chaja, mbele ya neno INPUT. Yakiwa 100-240V, 50/60Hz (Hz ni mara ambazo umeme unakwenda na kurudi kwa sekunde), popote utachomeka. Usisome OUTPUT: watu wananiambia "fundi, chaja yangu ni ya volti 19", kumbe hizo ni zinazokwenda kwenye laptop, hazihusiani na ukutani. Na kama waya wa ukutani unachomoka kwenye chaja, nunua kule waya wenye plagi ya Kimarekani uachane na adapta kabisa.

Pasi ya nywele iache nyumbani. Ikipata nusu ya volti zake inatoa kama robo ya joto. Haitaungua, ila nywele hazitanyooka.

Hatari iko kwenye kurudi. Hapa Arusha naletewa blenda na draya za Marekani zilizoungua, na maelezo ni yaleyale: ndugu kaleta zawadi, mtu kachomeka kwa adapta, au kampelekea fundi akakata plagi ya Kimarekani na kufunga ya pini tatu. Huyu wa kukata plagi ndiye ananiudhi kuliko wote. Muuzaji huenda hajui. Lakini mtu mwenye bisibisi mkononi, anayekata waya bila hata kugeuza kifaa asome kimeandikwa volti ngapi, si fundi. Ile plagi isiyoingia kwenye soketi zetu ndiyo iliyokuwa kinga. Akishaiondoa, hata dada wa kazi atakayekichomeka kesho hana dalili yoyote ya kumwonya.

Piga hesabu. Volti zikikaribia mara mbili, na umeme unaopita ndani ya hita unakaribia mara mbili, kwa hiyo joto linakaribia mara nne. Draya nyingi za Marekani zimeandikwa wati 1875. Kwenye soketi yetu draya hiyo itataka zaidi ya wati 6,000, yaani kama ampea 27, wakati fyuzi kubwa ya plagi ya pini tatu ni ampea 13. Ukiwa na bahati fyuzi itakatika. Lakini wapo wanaotoa fyuzi na kuweka kipande cha waya, na hapo zinazoungua ni soketi na nyaya za ukutani. Blenda yenyewe italia kwa kasi usiyoizoea, utasikia harufu ya koili inayoungua, kisha moshi.

Utaambiwa pia frijigadi inatosha. Haitoshi. Kazi yake ni kukata umeme ukipanda au kushuka kupita kiasi; ukiwa sawa inakupa 230 ileile. Kuna na vigeuzi vidogo vya safari vinavyodai kubeba wati 1600. Vingi vinakatakata wimbi la umeme, vinafaa vitu vya hita tu kwa dakika chache. Laptop usiiguse navyo.

Draya ya dada yako iangalie pembeni au kwenye mpini. Nyingine zina kaswichi kadogo ka 125/250 kanakogeuzwa kwa sarafu. Ikiwa nako, ilete, na uigeuze kabla ya kuchomeka. Isipokuwa nako, mwachie. Blenda kaitafute hapahapa, maana transfoma ya kuihimili itakuwa mzigo kuliko blenda. Maikrowevu hata usiwaze: transfoma inashusha volti, lakini haigeuzi 50Hz yetu kuwa 60Hz ya kwao, ambayo maikrowevu yao imetengenezewa.

Kuna jambo jingine hujaniuliza, ila naliona kila mahali, hata hoteli za hapo Moshi wanakofikia wapanda mlima. Mgeni ana chaja ya Ulaya ya pini mbili za mviringo, mhudumu anachokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili iingie. Tundu lile ni la erthi, njia ya usalama inayopeleka ardhini umeme uliovuja. Pini yake ndefu ndiyo inayofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini, vilivyowekwa ili mtoto asiingize msumari. Ukivifungua kwa kalamu, zile pini za mviringo zinakaa bila kubana, cheche zinaruka, soketi inaanza kuwa nyeusi. Na kama kifaa kilihitaji erthi, hakina.

Mwisho, dada akikupa ekstensheni ya kule yenye kinga ya umeme mkubwa, usiibebe, hata kama chaja zako zote zinakubali 240V. Ndani yake kuna kidude bapa cha mviringo kinachotulia kwenye volti 120. Kikikutana na 230 kinaona umeme umepanda, kinaruhusu umeme upite ndani yake, kinachemka na kupasuka, na plastiki inayokizunguka inashika moto.