Maswali na majibu: Apu tatu, wakulima walewale, sasa tununue mfumo wa nne?

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi ni katibu wa AMCOS ya kahawa, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huku Moshi Vijijini. Misimu hii miwili wamekuja wanunuzi wawili na mradi mmoja, kila mmoja na apu yake. Wakulima wetu wamepimwa vihamba, yale mashamba ya nyumbani, mara tatu mpaka wamechoka, na bado takwimu hazilingani. Sasa kuna kampuni imekuja kwenye bodi inasema mfumo wao unaunganisha zote na una cheti cha Umoja wa Ulaya kwa ile sheria ya misitu, tulipe elfu tatu kwa kila mkulima kwa mwaka. Bodi wanataka kusaini kabla msimu haujaanza. Tusaini? Na hizi data tulizokwisha kutoa ni za nani?

JIBU: Katibu, msisaini. Naanza na hilo kabisa kwa sababu najua bodi zetu zikishanyweshwa soda na kuonyeshwa ramani yenye nukta za kijani ukutani, kalamu inatoka yenyewe.

Kwanza hicho cheti hakipo. Umoja wa Ulaya hautoi cheti kwa apu ya mtu yeyote. Sheria yenyewe ni ya 2023, namba 2023/1115, na mzigo wake upo kwa yule anayeiingiza kahawa kwenye soko la Ulaya, yeye ndiye anajaza tamko kwenye mfumo wao na yeye ndiye atapigwa faini. Kwenu anachohitaji zaidi ni kujua kahawa imetoka shamba gani, na kwamba hapo hapakufyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Tarehe ya kuanza kutumika imeshasogezwa mara mbili, sasa hivi ni 30 Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na za kati, kwa hiyo anayewakimbiza msaini wiki hii ana haraka zake mwenyewe. Na wala sheria haidai kila kihamba kizungushiwe mstari. Shamba linalozidi hekta 4 ndilo linataka poligoni, chini ya hapo inatosha nukta moja ya GPS, latitudo na longitudo zenye tarakimu sita baada ya desimali. Hekta 4 ni karibu ekari kumi, niambie huko kwenu nani ana kihamba cha ekari kumi. Kupima mipaka kuna faida zake, unajua ukubwa halisi wa shamba na unaweza kukadiria mavuno, lakini mtu asiwatishe na sheria ambayo hajaisoma.

Sasa nije kwenye kinachonichosha, maana swali hili kila msimu naletewa na watu wa kahawa, wa korosho, wa maziwa, na wote wana imani ileile, kwamba ili mifumo isomane lazima ipatikane apu moja kubwa ya kuzimeza nyingine. Haijawahi kuwa hivyo jamani. Ukinunua apu ya kuunganisha apu tatu, umepata apu ya nne. Angalia wenzetu wa matrekta, trekta la kampuni moja linavuta mashine ya kunyunyizia dawa ya kampuni nyingine, zinaunganishwa kwa plagi moja na dereva anaiona mashine kwenye skrini ya trekta lake, na hiyo ni kwa sababu watengenezaji walikaa wakakubaliana kiwango, kinaitwa ISO 11783, wengi wanakijua kama ISOBUS. Mkulima wa Ujerumani hakulazimishwa kununua kila kitu duka moja. Kinachofanya mifumo isomane ni makubaliano ya vitu vidogo tu vinavyoboa, namba ya mkulima iandikweje, namba ya shamba, kilo ya kitu gani, tarehe ianze na nini. Mkishakubaliana hapo hata apu zikiwa kumi hakuna shida, na msipokubaliana hata apu ikiwa moja itajaa uchafu.

Hebu nikuonyeshe huo uchafu ukoje, maana nayafungua mafaili ya AMCOS sana na makosa ni yaleyale. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel ikiisoma kama namba inashika tarakimu 15 tu, tano za mwisho inazigeuza sifuri kimyakimya, haikuulizi wala haikuonyi. Tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo mkishapoteza za mwisho unaweza kukuta wakulima wawili wa kijiji kimoja waliozaliwa siku moja wamekuwa mtu mmoja, na mtu anakaa bodini kulalamika kwamba takwimu hazilingani. Namba za simu nazo zinapoteza sifuri ya mbele. Halafu majina, kuna Anna Mushi, kuna Mushi Anna, kuna Mama Neema, wote ni mama huyohuyo mmoja na ana mistari mitatu kwenye mafaili matatu kwa sababu kila kijana aliyekuja na tableti aliandika alivyosikia.

GPS ndio usiseme. Moshi ipo latitudo -3.35 na longitudo 37.34, kadirio tu. Faili la GeoJSON, ambalo ndilo mifumo mingi ya ramani inapokea, linataka longitudo itangulie, ila sisi tumezoea kuanza na latitudo. Kijana akizigeuza, kihamba cha Moshi kinahamia kusini mwa Hispania, karibu na Granada. Ile alama ya kutoa ikidondoka wakati wa kunakili, kihamba kinatokea kaskazini mwa Kenya, maeneo ya jangwa la Chalbi ambako hakuna hata mche mmoja wa kahawa. Mnunuzi anapitisha kwenye picha za setilaiti, anaona mchanga, anawaandikia kwamba AMCOS yenu ina mashamba hewa. Na kuna watu wanakata desimali ili jedwali lipendeze, sasa ukibakiza desimali mbili una kosa la hadi zaidi ya nusu kilomita, yaani unaweza kuwa umemhamishia mkulima shamba la kijiji jirani.

Kilo nayo hivyohivyo. Mnunuzi mmoja anarekodi kilo za cheri, yaani tunda bichi lililochumwa, mwingine za pachimenti, yaani punje iliyomenywa na kukaushwa, na inahitajika kama kilo tano za cheri kupata moja ya pachimenti. Ukizijumlisha kwenye safu moja umetengeneza takwimu ambayo haipo duniani. Tarehe ndio kabisa, 03/07 ya mmoja ni mwezi wa saba na ya mwingine ni mwezi wa tatu, na mwezi wa tatu huko kwenu nani anapeleka kahawa.

Huo mfumo wa elfu tatu utarekebisha lipi kati ya hayo? Hakuna. Nyingi ya hizi "tunaunganisha" nilizoziona kwa ndani ni kijana wa ofisini anakopi na kupesti kutoka faili moja kwenda lingine. Wakija tena msiombe maonyesho, waambie watoe data za wakulima kumi hapohapo, kwenye faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, ambalo mtalifungua kwa laptopu yenu bila apu yao, na iwepo namba yenu ya mkulima. PDF haihesabiki, skrinishoti haihesabiki, ramani nzuri haihesabiki. Wengine watawatolea blokicheni. Blokicheni kazi yake ni kuzuia kilichoandikwa kisibadilishwe, haijui kama kilichoandikwa ni kweli, kwa hiyo Anna Mushi akiingia humo akiwa watu watatu atabaki watatu.

Kuhusu data ni za nani, hapa nitakuudhi kidogo: si za AMCOS. Jina, simu, NIDA na nukta ya kihamba ni taarifa za mkulima, na kumbuka kihamba ndipo nyumba ilipo na ndipo walipozikwa wazee wake, kwa hiyo mwenye hiyo nukta anajua mlango wa mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023 na ina Tume yake. Mkulima ana haki ya kujua taarifa zake zinatumika kwa kazi gani na zikikosewa zirekebishwe, na kukubali zitumike kuuzia kahawa kwa mnunuzi fulani si ruhusa ya kumpa muuza mbolea au mkopeshaji wa kwenye simu. Mkitoa orodha nzima kwa flashi kwa sababu aliyeomba amevaa beji, nyie ndio mtaulizwa. Na msidhani ni shida yetu maskini tu, vyama vya wakulima wa Marekani vilikaa na makampuni 2014 wakaandika kanuni kwamba data za shamba ni za mkulima, ila ni kanuni za hiari, hazina polisi. Ulaya imebidi watunge sheria, inatumika tangu Septemba 2025, ili mwenye mashine apate data ambazo mashine yake inazalisha.

Cha kufanya ni kazi ya mikono na haina mvuto. Tengenezeni rejista yenu wenyewe, kila mkulima apewe namba ya AMCOS isiyobadilika na kila kihamba kipewe namba yake, safu za NIDA na simu ziwekwe kama maandishi kabla hujaingiza chochote. Mtafute kijana wa kijijini aliyemaliza kidato cha nne anayejua kompyuta, mumlipe, akae na wale viongozi wa vikundi wanaowajua watu kwa sura, wapitie jina moja moja. Ramani aikague kwa QGIS, ni programu ya ramani ya bure. Mnunuzi mpya akija apewe namba hizo azitumie kwenye apu yake, ukubwa wa apu yake haituhusu, na kwenye mkataba iandikwe taarifa za wakulima atazitumia kwa kazi gani, atampa nani, na mkiachana anarudisha nini na kufuta nini.

Kabla ya hapo andikeni barua kwa hao watatu mliokwisha kuwapa, kwa niaba ya bodi na kwa idhini ya wakulima, mkiomba nakala ya kila kitu kwenye CSV na GeoJSON, pamoja na maelezo ya nani mwingine amepewa. Wekeni tarehe ya mwisho ya kujibu. Atakayewajibu kwamba "data zipo kwenye mfumo, ingieni tu mzione" hajajibu, mwandikieni tena, na nakala ipelekwe kwa afisa ushirika wa wilaya.