Rejesta usiiguse, lakini mtoto usimwache: jibu kwa mkuu mpya wa shule

Mwalimu mwenzangu, nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kuanza kuandika. Umeeleza kwamba una miezi michache tu tangu uteuliwe kuwa mkuu wa shule, kwamba mwanafunzi wako wa mwaka wa mwisho amekosa masomo siku nyingi kuliko kanuni inavyoruhusu kwa sababu anamuuguza mama yake, na kwamba kwa kanuni hiyo jina lake halipaswi kupelekwa kwenye orodha ya watahiniwa. Mwalimu wa darasa, kwa nia njema kabisa, amekushauri "mziweke sawa" siku hizo katika rejesta ya mahudhurio. Unauliza ufuate huruma au ufuate kanuni. Nimefundisha kwa miaka 27, na katika hiyo niliongoza shule kwa miaka 14, kwa hiyo nitakujibu kwa yale yaliyonipata mwenyewe, yakiwemo ninayoyajutia hadi leo.

Nianze na rejesta, kwa kuwa hapo jibu langu halina masharti: usiiguse. Sababu ya kwanza unaijua, kwamba huko ni kughushi, na kwamba wewe na mwalimu wa darasa mtakuwa mmefungwa na siri moja, hata siku utakapolazimika kumwonya kwa jambo jingine utajikuta huna mdomo wa kusemea. Sababu ya pili haisemwi sana, nami naiona nzito zaidi. Rejesta ikishabadilishwa itasema kwamba mtoto huyu hana tatizo lolote. Kila siku iliyoandikwa kwamba hakuwepo ni ushahidi wake. Ndiyo inayoonyesha mzigo alioubeba ulianza lini na ulizidi lini. Ukiifuta, utakuwa umemnyang'anya hoja pekee ambayo bodi ya shule au watu wa ustawi wa jamii wangeweza kuisoma na kuchukua hatua, na mama yake atabaki mgonjwa vilevile, naye ataendelea kumuuguza peke yake.

Sasa nikueleze kisa kilichonifundisha. Katika shule niliyoiongoza tulikuwa na kanuni kwamba mwanafunzi akichelewa mara tatu katika juma moja anarudishwa nyumbani kwa siku tatu, kisha aje na mzazi. Binti mmoja aliletwa ofisini na mwalimu wa zamu, barua yake ikiwa imeshaandikwa na inasubiri sahihi yangu. Alilia, akaeleza vizuri sana jinsi anavyowaandaa wadogo zake watatu kila asubuhi na kuwafikisha shuleni kwao kabla ya kuja kwake. Nilimwamini, na alikuwa akisema kweli. Niliichana ile barua mbele yake, nikamwambia arudi darasani, na sikuandika popote. Jioni ile nilikwenda nyumbani nikiwa na moyo mweupe.

Hazikupita wiki mbili, akaletwa kijana mmoja kwa kosa lilelile. Huyu alikuwa mkimya, mwanafunzi wa kawaida ambaye hata jina lake nililisoma kwenye barua. Nilimuuliza kama ana la kusema. Aliangalia viatu vyake, akasema, "Sina, mwalimu." Nikatia sahihi. Siku tatu zikaisha, hakurudi. Wiki ikaisha, hakurudi. Mwalimu wa ushauri nasaha alipomfuata nyumbani alikuta kijana anaishi na babu yake asiyeweza kusimama, na kwamba kila asubuhi alikuwa akimwogesha, akimlisha na kumbadilisha shuka kabla ya kukimbilia shuleni. Ile barua yangu ilikuwa bado imekunjwa ndani ya daftari lake la hesabu. Hakumpa mtu yeyote, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumpa ambaye angeweza kusimama na kuja nayo shuleni.

Nilimwomba radhi. Aliitikia kwa adabu, kisha akauliza, "Mwalimu, kwa nini yule dada hakurudishwa?" Sikuwa na jibu. Shule nzima ilikuwa inajua kuhusu barua iliyochanwa, isipokuwa mimi niliyedhani ni siri ya ofisini.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba huruma yangu ilikuwa inawafikia watoto wanaojua kujieleza. Binti yule nilimsaidia kwa haki kabisa, wala sijutii kumsaidia. Ninachojutia ni kwamba nilimpa kama zawadi ya binafsi kile ambacho kilipaswa kuwa njia iliyo wazi kwa kila mwenye hali kama yake. Kanuni, pamoja na ugumu wake wote, ina wema mmoja ambao wakuu wapya huusahau: haimjui mtu, kwa hiyo haimpendelei mwenye machozi ya karibu kuliko asiyeweza kulia mbele ya mkubwa. Tunapoivunja kimyakimya, anayeumia kwanza ni yule mkimya.

Usinielewe kwamba nakuambia ujifiche nyuma ya kanuni. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alilizungumza jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliposema kwamba sheria haina budi kunena kwa ujumla, ilhali maisha huleta mambo ambayo mtunga sheria hakuyaona, na kwamba hapo mwamuzi anapaswa kuamua kama mtunga sheria mwenyewe angeamua lau angekuwepo. Alitoa mfano wa waashi wa kisiwa cha Lesbos, waliotumia kipimo cha madini ya risasi kinachopinda kufuata umbo la jiwe. Wengi huupenda mfano huo kwa sababu ya kule kupinda. Mimi nakuomba utazame pia kwamba mwashi bado ameshika kipimo mkononi, hakadirii jiwe kwa macho tu.

Na mara nyingi nafasi ya kupinda imo ndani ya kanuni yenyewe, ila hatuisomi hadi mwisho. Marekani ilipopitisha mwaka 1994 sheria ya kumfukuza kwa muda usiopungua mwaka mmoja mwanafunzi anayeleta bunduki shuleni, sheria hiyohiyo iliagiza kwamba kiongozi wa elimu wa eneo aruhusiwe kubadili adhabu kwa kuangalia kila shauri peke yake. Ikiwa sheria inayohusu bunduki iliacha mlango huo, sioni kwa nini kanuni ya mahudhurio isomwe kana kwamba haina mlango. Shule nyingi za huko zilishika ukali wa kutosamehe kosa lolote, hata dogo, na jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lililochapisha tathmini yake mwaka 2008 halikuona ushahidi kwamba ukali huo ulizifanya shule kuwa salama zaidi.

Kuna pia Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, nao utakufaa sana katika barua utakayoiandika. Ibara ya 3 inataka masilahi ya mtoto yazingatiwe kwanza katika kila uamuzi unaomhusu, na ibara ya 28 inazitaka nchi zichukue hatua za kuhimiza mahudhurio na kupunguza idadi ya wanaoacha shule. Lakini inayonichoma mimi ni ya 12, inayompa mtoto haki ya kusikilizwa. Swali langu kwa yule kijana, nililouliza nikiwa nimeshika kalamu tayari kutia sahihi, halikuwa kumsikiliza.

Baada ya kisa hicho tulikubaliana na walimu kwamba hakuna barua ya kumrudisha mwanafunzi nyumbani itakayotoka kabla mtu hajakaa naye mahali pa faragha na kuulizia hali ya kwao, awe ameomba au hakuomba. Tulianzisha pia daftari la misamaha: kila nilipolegeza kanuni niliandika kosa, sababu na muda wa msamaha, na makamu wangu akatia sahihi chini ya yangu. Tulipolipitia mwisho wa mwaka tuliona jambo lililotutahayarisha, kwamba wengi walioandikwa mle walikuwa watoto ambao wazazi wao wana mazoea ya kuja shuleni. Tuliona vilevile kwamba sababu ya ulezi wa wagonjwa na wadogo inajirudia mno, ndipo tukaipeleka kwenye bodi na kanuni yenyewe ya uchelewaji ikabadilishwa. Nakiri kwamba tulichelewa. Kanuni inayohitaji kusamehewa kila mwezi ilipaswa kurekebishwa mapema.

Yapo mambo ambayo hayana daftari la msamaha. Mwalimu mwenzako akituhumiwa kumdhuru mwanafunzi, utaletewa habari za watoto wake, mkopo wake na miaka aliyobakiza kabla ya kustaafu. Msikilize kwa heshima, kisha uripoti siku hiyohiyo kwenye mamlaka inayohusika na umweke mbali na wanafunzi wakati uchunguzi unaendelea. Hapo mwenye kustahili huruma yako ya kwanza ni mtoto.

Kwa shauri lako, ningefanya hivi. Isome kanuni ya mahudhurio yote, pamoja na vifungu vidogo vya mwisho, uone inasema nini kuhusu ugonjwa na dharura za kifamilia. Andika kwa mamlaka ya mitihani kupitia bodi, ukiambatanisha nakala ya rejesta kama ilivyo, uthibitisho wa hospitali ikiwa familia itaridhia, na matokeo ya majaribio aliyofanya mwanafunzi. Omba wazi kile unachokiomba, na utaje kwamba shule itakuwa na ratiba ya kumfidia vipindi alivyokosa. Mwite mwalimu wa darasa umshukuru kwa kumjali mtoto, maana wenye moyo huo si wengi, kisha umweleze kwa nini hutabadilisha rejesta. Halafu mwagize yeye na wenzake wakuletee majina ya wanafunzi wengine wenye utoro wa aina hiyo, hata wale ambao hawajasema lolote, kwa sababu ombi lako litakuwa na nguvu zaidi, na litakuwa la haki zaidi, likiwa limewachukua wote.

Inawezekana ukanyimwa. Mimi nilinyimwa mara mbili, na mara zote mbili nilikaa na mwanafunzi na mzazi wake nikawaonyesha barua niliyoiandika na jibu nililopewa, tukapanga mwaka unaofuata pamoja. Mmoja alirudi akafanya mtihani. Mwingine hakurudi, na bado namkumbuka.

Lakini kabla ya barua, nenda ukamwone mama yule wewe mwenyewe, na umuulize kijana ni nani anayebaki naye saa za masomo. Ukishapata jibu hilo, niandikie hapa, tuiandae barua pamoja.